Merikani, Leso na Jina: Historia ya Pamba katika Sanaa ya Lubaina Himid

Mtu anayelitafuta neno merikani katika kamusi ya Kiswahili hupata maelezo mafupi: kitambaa cha pamba, kizito kiasi, kisichotiwa rangi. Maelezo hayo ni sahihi lakini hayatoshi. Ndani ya neno hilo imo safari ndefu, tangu mashamba ya pamba ya kusini mwa Marekani, kupitia viwanda vya Massachusetts, hadi maghala ya Unguja na njia za misafara zilizoelekea Tabora na Ujiji. Wanahistoria wa uchumi wameieleza safari hiyo kwa hesabu za shehena na ushuru. Katika miongo ya karibuni wasanii nao wameishughulikia kwa rangi, kwa mbao na kwa vitambaa vyenyewe, na mmoja wa walio mashuhuri miongoni mwao ni mzaliwa wa Unguja. Huyo ni Lubaina Himid. Kazi zake zimehakikiwa kwa wingi katika Kiingereza. Katika Kiswahili, lugha ya leso anazozirudia mara kwa mara, zimezungumzwa kwa uchache mno. Hoja inayotolewa hapa ni kwamba sanaa hiyo haisomeki kikamilifu bila Kiswahili, na kwamba Kiswahili kwa upande wake kinaihoji sanaa hiyo mahali ambapo wahakiki wa Ulaya aghalabu hupita bila kusimama.

Himid alizaliwa mwaka 1954, wakati Unguja ilipokuwa bado chini ya Sultani na himaya ya Waingereza. Baba yake alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa miezi minne tu, na mama yake, Mwingereza aliyekuwa mbunifu wa nakshi za vitambaa, akarudi naye Uingereza. Hakulelewa, basi, katika Kiswahili, wala hakuna haja ya kumfanya Mswahili kwa nguvu. Alichorithi kwa mama ni jicho la kutazama nguo kama mtu atazamavyo maandishi. Alisomea ubunifu wa jukwaa la tamthilia katika chuo cha sanaa cha Wimbledon, akamaliza mwaka 1976, kisha akapata shahada ya uzamili katika historia ya utamaduni kutoka Royal College of Art mwaka 1984. Elimu hiyo ya jukwaa haikupotea. Watu anaowachora mara nyingi hawakai ukutani ndani ya fremu; husimamishwa sakafuni kama waigizaji, na mtazamaji hulazimika kupita katikati yao. Mwaka 1985 aliandaa London maonyesho yaliyoitwa The Thin Black Line, yaliyokusanya wasanii wanawake weusi na wenye asili ya Asia, katika siku ambazo majumba makubwa ya sanaa hayakuwa na nafasi kwao. Mwaka 2017 alitunukiwa tuzo ya Turner, akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Kwa miaka mingi amekuwa mwalimu katika chuo kikuu kilichoko Preston, katika jimbo la Lancashire. Jambo hili la mwisho lisichukuliwe kuwa la wasifu tu, maana Lancashire ndiko dunia ilikofumiwa pamba yake katika karne ya 19.

Ili kuona uzito wa jambo hilo hapana budi kurudi nyuma. Tarehe 21 Septemba 1833, Edmund Roberts, kwa niaba ya serikali ya Marekani, alitiliana sahihi na Sayyid Said mkataba wa biashara. Mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa mji wa Salem katika Massachusetts, alifika Unguja kuwa konseli wa nchi yake. Wafanyabiashara wa Salem walitaka pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sandarusi hiyo ilipelekwa kwao ikasafishwa na kutengenezwa vanishi ya kung'arishia samani na magari ya farasi. Hata picha za mafuta za karne hiyo baadhi yake zilipakwa vanishi ya sandarusi, kwa hiyo pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa juu ya uso wa sanaa ya Magharibi kabla haijawa ndani yake. Malipo ya bidhaa hizo yalikuwa kitambaa. Kampuni ya Naumkeag ilipoanza kuendesha kiwanda chake cha mvuke mjini Salem mwaka 1847, pwani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuwa soko linalojulikana. Waingereza walijaribu kuiga kitambaa hicho huko Manchester, lakini wanunuzi hawakudanganyika: walikipima kwa vidole, wakakipendelea kile cha Marekani kwa uzito na uimara wake. Jeremy Prestholdt, katika kitabu chake Domesticating the World cha mwaka 2008, amedhihirisha kwamba matakwa ya wanunuzi wa Afrika Mashariki yaliviongoza viwanda vya mbali, wala wanunuzi hao hawakuwa watu wa kupokea tu chochote kilichotupwa gatini.

Merikani haikuwa bidhaa peke yake, ilikuwa fedha. Barani, mbali na pwani, ambako sarafu haikuwa na kazi kubwa, mali ilihesabiwa kwa nguo, na Kiswahili kikajenga mfumo mzima wa vipimo. Mikono minne ilikuwa shuka. Shuka mbili zilikuwa doti. Doti kadhaa zilikuwa gora, au jora kama wasemavyo wengine. Kwa nguo walilipwa wapagazi posho yao, kwa nguo zilinunuliwa pembe, na kwa nguo ulitolewa hongo kwa watawala ambao misafara ilipita katika nchi zao. Neno hongo leo limeshuka hadhi, na shuka limelala kitandani, lakini doti lingali dukani: mwanamke wa Mombasa anayenunua leso hununua doti, yaani vipande viwili, bila ya kukumbuka kwamba anatumia kipimo cha fedha ya misafara. Na kwa nguo walinunuliwa watu. Hapo ndipo mviringo unapokamilika, na unapokuwa mgumu kutazamwa. Pamba iliyolimwa na Mwafrika mtumwa katika majimbo ya kusini mwa Marekani ilifumwa kaskazini, ikasafirishwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapakuliwa Unguja, ikapelekwa bara, na huko ikatolewa kuwa thamani ya Mwafrika mwingine, ambaye naye alipofikishwa katika mashamba ya karafuu alivishwa kipande cha kitambaa kile kile. Historia hii yote imo katika neno moja lenye silabi nne.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, viliukata mviringo huo. Merikani ya kweli iliadimika Unguja, na nafasi yake ikachukuliwa hatua kwa hatua na vitambaa vya Uingereza na baadaye vya viwanda vya Bombay. Ila watu waliendelea kuita merikani hata kile kilichofumwa na Mhindi. Lancashire nako pamba ghafi ilikwisha, viwanda vikafungwa, na wafanyakazi wakaona njaa. Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana katika Free Trade Hall, wakamwandikia Rais Lincoln barua ya kuunga mkono vita dhidi ya utumwa, ingawa vita hivyo ndivyo vilivyowanyima riziki. Lincoln aliwajibu tarehe 19 Januari 1863, na sanamu yake ingali imesimama mjini humo.

Kutokana na tukio hilo Himid alitunga mwaka 2002 kazi aliyoiita Cotton.com. Ni turubai ndogo nyingi za rangi nyeusi na nyeupe, zilizopangwa ukutani kama sampuli za nakshi, kila moja ikiwa na mchoro wake: mistari, madoa, majani, maumbo yanayojirudia. Msanii aliziwaza kuwa barua za kubuni kati ya wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na watumwa wa mashamba ya South Carolina, watu walioshika pamba ile ile kwa mikono yao na ambao hawakuweza kuonana. Mbele yake kuna utepe wa shaba ulioandikwa maneno ya mwanamke mtumwa: amewabebea maji wapiga jembe, ndoo kichwani, na mtu mmoja aliyemtazama amemfananisha na picha ya mchoraji Murillo. Mstari huo mmoja una uchungu kuliko turubai zote. Mwenye kutazama aliona uzuri wa mkao. Mbebaji alijua uzito wa ndoo. Ni nadra kazi ya sanaa kuishitaki sanaa yenyewe kwa maneno machache kiasi hicho.

Hata hivyo Cotton.com inasimulia upande mmoja tu wa mviringo. Inaunganisha Carolina na Manchester, yaani Atlantiki. Upande wa pili, ule wa Salem na Unguja, haumo. Inashangaza kidogo kwamba msanii aliyezaliwa Unguja, katika kisiwa ambacho bado kina neno merikani midomoni mwa watu wake, alianzia mahali pengine. Si kosa, kila mtu huanza na nyaraka alizo nazo karibu, na nyaraka za Himid zilikuwa za Lancashire. Lakini linganisho moja litasaidia kuonyesha kilichobaki.

Msanii wa kulinganishwa naye ni Yinka Shonibare, aliyezaliwa London mwaka 1962, akalelewa Lagos, kisha akarudi Uingereza kijana. Kwa mujibu wa masimulizi yake mwenyewe, mwalimu mmoja alimwuliza kwa nini hafanyi sanaa ya Kiafrika halisi. Akaenda sokoni Brixton kutafuta huo Uafrika halisi, na alichokipata ni kitenge. Alipochunguza asili yake aligundua kwamba kitambaa hicho ambacho dunia nzima hukitambua kuwa cha Kiafrika kilibuniwa na Wazungu kwa kuiga batiki ya Java. Waholanzi walioitawala Java walitaka kutengeneza batiki kwa mashine na kuwauzia Wajava. Wajava hawakuipenda sana, na mwishoni mwa karne ya 19 bidhaa hiyo ikapata soko lake kubwa katika pwani ya Afrika Magharibi. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, inaendelea kuitengeneza. Kuna na uhusiano mwingine ambao husahauliwa: kati ya mwaka 1831 na 1872 Waholanzi waliandikisha Elmina, katika Ghana ya leo, askari wapatao 3,000 na kuwapeleka kupigana upande wao katika visiwa vya Indonesia. Wenyeji wa huko waliwaita Belanda Hitam, maana yake Waholanzi weusi. Huenda baadhi yao walirudi na batiki mikononi, kama wasemavyo wengine. Lakini hata bila ya hilo, Mwafrika aliyepelekwa Asia kulinda dola ya Mzungu ni ushahidi wa kutosha kwamba historia ya ukoloni haikugawanyika kwa mabara kama vitabu vya shule vilivyogawanywa.

Mwaka 2003 Shonibare alitengeneza Scramble for Africa: sanamu 14 za wanaume wasio na vichwa, wamevaa suti za mtindo wa enzi ya Victoria zilizoshonwa kwa vitenge, wameketi kwenye meza iliyochorwa ramani ya Afrika. Kila atakayeiona ataukumbuka mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885. Kejeli yake ni kali na ya wazi, pengine ya wazi mno, ukishaielewa umeielewa. Sababu mojawapo ni kitambaa chenyewe. Kitenge cha Shonibare hakisemi kwa maneno. Kina rangi na nakshi, na nakshi zingine hupewa majina na wauzaji wa Accra au Lomé, lakini majina hayo hayaandikwi juu ya nguo. Mtazamaji anaweza kukisoma apendavyo. Leso ya Afrika Mashariki haimpi mtu uhuru huo.

Historia ya leso imeelezwa mara nyingi na haihitaji kurudiwa kwa urefu. Neno limetokana na Kireno, na awali lilikuwa na maana ya kitambaa cha mkononi. Mapokeo husema kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa pwani walianza kununua leso hizo zikiwa bado hazijakatwa, sita pamoja, wakazikata tatu kwa tatu na kuziunga, wakapata nguo pana. Baadaye nguo nzima ikachapwa moja kwa moja, na kwa sababu ya madoa yake ikaitwa kanga kama ndege. Zilichapwa Ulaya, zikachapwa India, na baadaye Japani. Hata Helmond, kwa mabwana wale wale wa batiki, zilichapwa leso za Afrika Mashariki, na hapo njia ya Shonibare na njia ya Himid zinakutana katika kiwanda kimoja. Laura Fair, katika Pastimes and Politics (2001), ameeleza jinsi nguo hii ilivyopata maana ya kisiasa baada ya utumwa kukomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897: mwanamke ambaye jana alitambulikana kwa kaniki na merikani alijifunga leso ya rangi, na kwa kufanya hivyo akajitangaza kuwa si mtumwa wa mtu.

Kinachostahili kuzingatiwa zaidi na wanaisimu ni istilahi za nguo hii. Leso ina pindo. Ina mji, yaani sehemu ya katikati. Na ina maandishi, kwanza katika hati za Kiarabu, kisha katika hati za Kirumi. Maandishi hayo huitwa jina. Mnunuzi haulizi leso inasema nini. Huuliza jina lake. Wataalamu wamekwisha kuyakusanya majina hayo na kuyapanga kama methali, mafumbo na vijembe, na kazi hiyo ni ya maana. Walakini wengi wameyaondoa juu ya kitambaa na kuyaweka juu ya karatasi, kana kwamba pamba haikuwapo. Jina limechunguzwa, nguo iliyolibeba ikaachwa kwa wanauchumi. Pia kuna maandishi mengine madogo, yaliyo kando ya jina, ambayo ni alama ya mfanyabiashara. Iliyo mashuhuri zaidi ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa: Mali ya Abdulla. Ni alama ya biashara tu, wala haina ubaya. Lakini katika pwani ambako mtu naye aliweza kuitwa mali ya fulani, ni vigumu kuyasoma maneno hayo mgongoni mwa mjukuu wa mtumwa bila ya kusita kidogo.

Himid ameirudia leso kwa njia mbalimbali. Miaka ya 2011 na 2012 alitengeneza mfululizo wa michoro aliouita Kangas from the Lost Sample Book, kana kwamba kuna kitabu cha sampuli kilichopotea, chenye nakshi ambazo hakuna aliyeziagiza. Wazo hilo lina msingi. Wafanyabiashara wa Mombasa na Unguja walikuwa wakiagiza leso Ulaya kwa vielelezo na maelezo, na sampuli zikihifadhiwa vitabuni. Vitabu vya namna hiyo ndivyo kumbukumbu pekee ya nguo ambazo zenyewe zilivaliwa hadi zikachakaa. Mwaka 2018, katika maonyesho yaliyofanyika Gateshead, alitundika nguo alizozichora kwa mfano wa leso, zikiwa na pindo, picha katikati, na maneno aliyoyatoa kwa waandishi weusi. Na mwaka 2021, katika ghala la kale la Gawthorpe Hall huko Lancashire, alilaza mita 400 za vitenge vya nta zikipanda na kushuka kama mto au bahari, ndani ya jengo lililoko hatua chache tu na nyumba ya wakuu wa jimbo la pamba. Hapo hakuweka neno hata moja. Baada ya leso zenye maneno, ukimya huo unasikika.

Hata hivyo kazi iliyo kuu katika mjadala huu haina leso ndani yake. Ni Naming the Money, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Newcastle mwaka 2004, na ambayo baadaye watu wake walikabidhiwa kwa makumbusho ya utumwa ya Liverpool. Ni watu 100 wa mbao bapa, wenye kimo cha mtu halisi, waliochorwa kwa rangi za furaha na kusimamishwa sakafuni kama umati uliokuja kwenye karamu. Asili yao ni wale Waafrika wanaoonekana pembeni mwa picha za kale za Ulaya, wameshika mbwa au sinia la matunda, wamewekwa pale ili kuonyesha utajiri wa bwana. Himid amewatoa pembeni na kuwapa kazi: wapiga ngoma, wachezaji, waganga wa mitishamba, washona viatu, wafinyanzi, wachora ramani, wafunza mbwa, watengenezaji wa vitu vya watoto vya kuchezea, wachoraji, na wapiga kinanda cha nyuzi. Mgongoni mwa kila mmoja kumebandikwa karatasi ya daftari la hesabu, na juu yake mmoja mmoja ameandikiwa mistari michache: jina lake la asili, jina aliloitwa na bwana wake, kazi aliyoifanya kwao, kazi anayofanywa aifanye sasa, na jambo moja dogo linalompa faraja.

Jina la kazi hii linamtaabisha mfasiri, na taabu hiyo inafaa kuelezwa. Kiingereza kina kitenzi kimoja pale ambapo Kiswahili kinachagua. Kuzitaja pesa ni kuhesabu au kufichua. Kuzipa pesa majina ni kuzifanya watu. Kuziita pesa kwa majina ni kudhani kwamba tayari ni watu na majina wanayo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyo karibu zaidi na nia ya msanii, kwa sababu watu wake hawapewi majina na mtazamaji. Wanayo, ila yamefunikwa na mengine. Tena neno fedha lisingefaa, maana ni madini. Katika Afrika Mashariki pesa waliyonunuliwa watu ilikuwa nguo, na nguo ina jina. Kiswahili, kwa hiyo, kinaweza kusema bila ya sitiari jambo ambalo Himid alilazimika kulibuni kwa mbao mia moja.

Mfano mmoja wa kihistoria utatosha. Mtu ajulikanaye kwa jina la Sidi Mubarak Bombay alitekwa angali mtoto katika nchi ya Wayao, akapelekwa Kilwa, akauzwa kwa vitambaa, na hatimaye akavushwa bahari hadi India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja. Mwaka 1857 aliandamana na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika; baadaye alikuwa pamoja na Speke na Grant, pamoja na Stanley katika safari ya kumtafuta Livingstone, na pamoja na Cameron aliyelivuka bara toka pwani hii hadi pwani ile. Mwaka 1876 chama cha kifalme cha jiografia cha London kilimtunuku nishani, na alifariki mwaka 1885. Tazama jina lake. Sidi ndivyo walivyoitwa Waafrika nchini India. Mubarak ni la Kiarabu, la baraka, la aina waliyopewa watumwa wengi. Bombay ni mji. Majina matatu, na yote matatu ni ya watu wengine. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa na yeyote kati ya Wazungu watano aliowaongoza, ingawa wote walikuwa waandishi hodari na waliandika bei ya kila doti waliyotoa. Mfano huo haukuwa wa mtu mmoja. Katika pwani watumwa waliitwa kwa siku walizonunuliwa, kwa vito kama Almasi na Feruzi, kwa baraka na bahati za mnunuzi. Na Waafrika waliolelewa Nasik huko India, ambao baadaye walirejeshwa Rabai na Frere Town, walirudi na majina ya Biblia.

Hapa ndipo swali la Kiswahili linapoielekea sanaa ya Himid. Watu wake 100 wamesimama katika historia ambayo bwana ni Mzungu. Hilo ni kweli kwa Atlantiki. Unguja alikozaliwa, bwana aliyetoa jina aghalabu alikuwa Mwarabu, au Mswahili, au tajiri wa bara, na mkopeshaji wake alikuwa Mhindi, na mteja wake Mmarekani wa Salem ambaye huenda nyumbani kwao alihudhuria mikutano ya kupinga utumwa. Historia ya pamoja ya mabara haina maana ya historia sawa. Mhakiki anayesema kwamba Himid ameziunganisha pande za dunia zilizoteswa na dola za Ulaya husema kweli, lakini husema kwa namna inayomwacha msomaji wa Mombasa, wa Lamu au wa Unguja akiwa na raha asiyostahili. Wengi katika pwani hawapendi kuulizwa babu alikuwa upande gani wa doti, na katika baadhi ya nyumba swali hilo bado huvunja posa. Lugha imehifadhi zaidi ya tulivyoafikiana kusema: mjakazi, suria, mzalia, mwana wa watu. Maneno haya hayakuletwa na Mholanzi.

Haifuati kwamba Himid alipaswa kuchora biashara ya Bahari ya Hindi. Msanii huchora ajuacho. Inafuata kwamba kazi hiyo imewaachia wengine, na kwamba nyenzo zake ziko karibu zaidi na idara za Kiswahili kuliko na majumba ya sanaa ya London. Nyaraka za mahakama za pwani, orodha za misheni ya Frere Town, wasia na hati za wakfu zina majina. Leso zina majina. Na uhusiano kati ya jina la mtu na jina la nguo haujatafutwa kwa utaratibu. Pia viko vitabu vya sampuli visivyopotea. Katika hifadhi ya kiwanda cha Helmond zimetunzwa sampuli za leso zilizochapwa kwa ajili ya pwani hii, nazo bado hazijapata msomaji wa Kiswahili wa kukaa nazo muda mrefu. Yumkini mchongaji wa Kiholanzi aliyeandaa maandishi yake hakujua Kiswahili wala hati za Kiarabu. Alifuata umbo la herufi kutoka karatasi iliyotumwa toka Mombasa au Unguja, nukta kwa nukta, kama mtu anakilivyo nakshi ya majani.